Urbano Kasonso, Mpigaji Aliyejitoa Mwenyewe

Mapadri na masista, wazee wetu wa Mollo na wa Mpui, majirani wa Katandala, ndugu zetu Waislamu mliofunga maduka tangu asubuhi ili muwe nasi, wachezaji waliocheza na marehemu, na nyote mliokuja kwa miguu katika upepo huu, familia inawakaribisha na inaomba utulivu wenu, maana historia hii imesimuliwa na mjane mwenyewe, Mama Emerensiana, ikaandikwa jana mchana na shemeji yake, Ignasi, na mama amekataa neno lolote lipunguzwe, hata pale Ignasi alipomkumbusha kwamba msibani watu husema mazuri tu. "Wewe andika," alimwambia, "nimeishi naye miaka ishirini na moja, mazuri yake nayajua kuliko wewe, na hayo nayo yalinichosha."

Marehemu Urbano Kasonso alizaliwa Mollo tarehe 25 Mei 1914, mtoto wa kwanza kati ya sita wa Mzee Evaristi Kasonso, mkulima wa ulezi na maharage, na Mama Kristiana, ambaye tunaye hapa mbele na ambaye anathibitisha kwamba mtoto huyu alichelewa kuzaliwa, akachelewa kutembea, akachelewa kusema, na siku aliposema alianza na neno "sitaki".

Alipata elimu ya awali katika shule ya misheni kuanzia mwaka 1922 hadi 1928, akafaulu vizuri, na mwezi Januari 1929 akapelekwa shule ya serikali huko Tabora, ambako baba yake alitarajia ajifunze hesabu, Kiingereza na adabu, navyo kweli akajifunza, lakini akajifunza pia kriketi, kwa sababu mwalimu wao wa jiografia, Mwingereza, aliupenda mchezo huo kuliko jiografia yenyewe. Kwa wasioujua, ni mchezo ambao mtu mmoja hurusha mpira mgumu kama jiwe kuelekea vijiti vitatu vilivyosimamishwa ardhini, na mwingine husimama mbele ya vijiti hivyo na gongo la mbao, akivilinda na akitafuta nafasi ya kuupiga mpira mbali ili akimbie na kuhesabiwa mbio, na mpira ukivigonga vijiti, au ukigusa gongo ukadakwa kabla ya kufika chini, mpigaji hutolewa, na wapigaji huingia wawili wawili, wakikimbia kwa kupishana, na kazi mbaya kuliko zote ni ya wale wawili wanaofungua, kwa kuwa mpira bado ni mpya, unaruka vibaya, na mrushaji hajachoka. Mwalimu alipouliza nani atafungua, wanafunzi wote walitazama vidole vya miguu yao, Urbano akatazama mbele, na hapo, kwa maneno ya mjane wake, ndipo matatizo ya ukoo huu yalipoanza.

Alimaliza masomo Desemba 1932, akasafiri kwa treni hadi Kigoma, kwa meli hadi Kasanga, na kwa miguu siku nne kupanda huku juu, na ukoo mzima ukajipanga njiani Mollo kumpokea msomi, wakitegemea blanketi, kitambaa cha mama, labda na taa ya chemli, lakini msomi alikuwa amebeba cheti kimoja na gongo moja la kriketi lililoviringishwa ndani ya blanketi pekee alilokuwa nalo. Mzee Evaristi aligeuza lile gongo huku na huku, akauliza linalima nini, akaambiwa halilimi, akauliza linatwanga nini, akaambiwa halitwangi, akaingia ndani bila kuuliza swali la tatu.

Tarehe 1 Machi 1933 marehemu aliajiriwa kuwa karani wa Mzee Selemani bin Hamadi, mwenye duka na malori hapa Sumbawanga mjini, na kazi hiyo ameifanya hadi mwezi uliopita, akipima mahindi, akiandika hati za mizigo ya malori ya Mbeya na Tunduma, na tunamshukuru Mzee Selemani, ambaye amekuja leo akiwa na miaka themanini, kwa uvumilivu ambao utaelezwa mbele kidogo. Mtoto wa Mzee Selemani, Bwana Lukmani, alikuwa rika la marehemu, naye aliwahi kuuona mchezo huo Dar es Salaam, na hao wawili ndio walioanzisha timu ya mjini, wakaokota fundi cherehani mmoja, mwalimu mmoja, wenye maduka watatu wa Kihindi waliokuwa wakiujua mchezo kuliko wote, na yeyote aliyeweza kudaka kitu bila kufumba macho.

Lukmani na Urbano walifungua pamoja miaka ishirini na mitano, Mwislamu na Mkatoliki, mmoja akitaka kuupiga kila mpira uvuke mikaratusi, mwingine akitaka tu asitolewe, na Bwana Lukmani ametuomba tuseme hadharani kwamba katika miaka hiyo alitolewa mara thelathini na moja akiwa katikati ya njia, anakimbia, vijiti vikiangushwa kabla hajafika, wakati mwenzake amesimama palepale kama nguzo ya simu. "Urbano, kimbia!" alikuwa akipiga kelele mpaka sokoni wanasikia, na marehemu alikuwa akiinua mkono taratibu na kumjibu, "Haikuwa ya kukimbia hiyo," na mara nyingi, jambo ambalo Bwana Lukmani anakiri kwa shida, haikuwa.

Marehemu alifunga ndoa na Emerensiana binti Leo wa Mpui siku ya Jumamosi, tarehe 24 Oktoba 1936, baada ya kumwahidi bibi harusi kwamba wiki hiyo hatagusa gongo, na Ijumaa akaligusa, mpira ukampata kidole cha pete, na mbele ya altare padri akasukuma pete, akaizungusha, akaipaka mate, kidole kimevimba kama kiazi, mwishowe ikavalishwa kidole kidogo cha mwisho. Mashangazi wa bibi harusi waliotoka Mpui walisema waziwazi kwamba huo ni mkosi na gari bado liko nje, anaweza kurudi nao, lakini Emerensiana alimwangalia bwana harusi, ambaye hakuonyesha hata dalili ya maumivu, akajiambia kwamba mtu asiyelia kwa kidole kile hatakimbia nyumba kwa njaa wala kwa maneno ya watu. "Hilo nililipatia," ameagiza iandikwe, "hakukimbia, na angekimbia mara mojamoja ningepumzika."

Nyumba yao ya Katandala, iliyokamilika mwaka 1937, ilikuwa na chumba cha mbele ambacho mama alikitengea picha ya Moyo Mtakatifu, na marehemu akakijaza vipande vya magazeti ya Kiingereza alivyobandika kwa ugali mwepesi, vyote vya watu waliofungua mchezo huko kwao, Jack Hobbs na mwenzake Herbert Sutcliffe, ambao aliwasimulia kama vile ni wajomba zake, kwamba wakishaingia wawili hao warushaji wa upande wa pili walipoteza hamu ya kula, na kwamba Hobbs alikuwa bado anafungulia nchi yake akiwa na miaka arobaini na saba. Wageni walipokuja kusalimia na kuulizia mavuno walisimuliwa Hobbs, wakwe walipokuja na kuku walisimuliwa Sutcliffe, na ugali ule ukavuta panya, mama akawa anafukuza panya kwenye ukuta wa Waingereza.

Mungu aliwajalia watoto wanne, Leonardi aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1938, Josefina aliyezaliwa tarehe 19 Machi 1942, Silvana aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 1945, na Evaristi aliyezaliwa tarehe 11 Januari 1949, nao wote wapo hapa. Kuhusu huyo wa kwanza, mama anataka ieleweke kwamba marehemu alimwambia mtoto aitwe Leonardi, akabatizwa Jumapili ya tarehe sita, ambayo ni sikukuu ya Mtakatifu Leonardi mwenyewe, na mama akamshukuru Mungu kwamba mumewe ameanza kufikiria mambo ya kanisa, mpaka miaka tisa baadaye, Bwana Lukmani alipoteleza ulimi, ndipo alipojua kwamba wiki ileile ya kuzaliwa mtoto lilikuwa limefika gazeti la miezi miwili nyuma, lenye habari za kijana aitwaye Leonard Hutton, aliyefungua huko London dhidi ya Australia, akaanza kupiga Jumamosi na kutolewa Jumanne, na mbio mia tatu sitini na nne. Mama alikwenda siku hiyohiyo kwa padri kuuliza kama ubatizo bado unashika, padri akacheka mpaka akavua miwani, akamwambia mtakatifu yupo, ubatizo unashika, arudi nyumbani, naye akarudi, hakucheka.

Sasa tunafika siku ambayo wengi wenu mliokaa hapa mlikuwepo, Jumamosi ya tarehe 21 Julai 1951. Mnakumbuka kwamba kila mwaka timu ya mjini ilicheza na timu ya Wazungu waliokusanyika kutoka huku na huko, na kwamba pale uwanjani palikuwa na banda lao lenye veranda na viti, na saa ya chai ikifika wao waliingia ndani, na timu yetu ikapelekewa birika chini ya mikaratusi, wakanywa wamesimama, upepo ukiwapulizia vumbi vikombeni. Mwaka huo kapteni wa wageni, bwana mrefu mwenye masharubu mekundu, alimwambia Lukmani kabla ya mchezo, mbele ya watu, labda kwa utani, kwamba siku timu ya mjini itakaposhinda watakunywa chai ndani, wamekaa, wote kumi na mmoja, na utani huo ukashikwa kama kiapo, ukaenda sokoni, ukafika Mollo kabla ya saa nne, na watu wakaacha maharage yao uani wakaja.

Wageni walipata mbio mia moja arobaini na tatu, na zamu yetu ilipofika Lukmani alitolewa mapema, kama mnavyojua, katikati ya njia, wakaingia wengine wakatoka, na marehemu akabaki, saa ikapita na nyingine ikapita, mpira ukimpiga mbavuni na mkononi, naye akijipangusa na kusimama tena, mpaka jua lilipoanza kuinama tulikuwa tumebakiza mbio tatu tu tushinde, na mtu wa mwisho upande wa pili ni fundi cherehani Mwinjuma, ambaye alikuwa akilishika gongo kama mwiko. Mama Emerensiana alikuwa amekaa kwenye majani na Silvana magotini, na anasema kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliupenda mchezo ule, aliuelewa wote kwa mara moja, na aliona wazee wa heshima wakiwa wameshikana mikono kama watoto.

Mpira uliofuata ulipita karibu na gongo, mdakaji wa nyuma akaudaka, mwamuzi hakusikia kitu, akatikisa kichwa, wageni wenyewe walikuwa wameshageuka kurudi sehemu zao, na marehemu akavua glavu, akaweka gongo kwapani, akaanza kutembea kuja nje. Lukmani alimkimbilia, akamshika kifuani kwa mikono miwili.

"Unakwenda wapi? Nani amesema umetoka?"

"Mimi."

"Wewe si mwamuzi, Urbano! Mwamuzi yule pale, amekataa! Rudi!"

"Mpira umenigusa gongo, Lukmani. Nimeusikia mkononi."

"Basi usikie kimyakimya! Mbio tatu! Tatu tu!"

"Nimetoka," alisema marehemu, akapita pembeni yake.

Tulishindwa kwa mbio mbili. Mama Emerensiana alimnyanyua Silvana akatembea mbele hadi Katandala bila kugeuka, mumewe nyuma yake hatua ishirini, na watu waliopishana nao hawakutoa salamu, na walipofika ndani ndipo alipomwambia, "Mikono yako ilisikia, Baba Leonardi, sawa, na masikio yako je, hukusikia watu wale wote?" naye akajibu kwamba aliwasikia, kila mmoja, na ndiyo sababu ilikuwa vigumu kutembea, na akaomba maji ya kuoga.

Miezi iliyofuata ilikuwa mirefu, wanawake sokoni walimuuzia mama nyanya za chini ya tenga, fundi Mwinjuma alikataa kumshonea Leonardi sare, na Mzee Selemani, ambaye wateja walimwambia hawataki kuhudumiwa na msaliti, alimwondoa marehemu kaunta akamweka ghala la nyuma kupima mahindi miezi sita, lakini hakumfukuza, na alipoulizwa kwa nini hamfukuzi alisema karani anayejishtaki mwenyewe anamuumiza kichwa, ila hampati mwingine. Lukmani hakuzungumza naye tangu Julai hadi Krismasi, akaja siku hiyo na mguu wa mbuzi, akakaa, akala, akasema hajasamehe, na Juni iliyofuata wakafungua tena pamoja.

Na hapo mtu angefikiri yamekwisha. Lakini siku hiyo ya Juni 1952 kapteni yule wa masharubu mekundu alikuja hadi chini ya mikaratusi, akavua kofia, akamwambia marehemu kwamba hajaona muungwana kama yeye, na kwamba anamkaribisha ndani wanywe chai pamoja.

"Ahsante, bwana," marehemu alisema. "Na wenzangu?"

"Leo wewe. Wengine tutaona baadaye."

"Basi nitasubiri nao hapa, tutaona pamoja."

Akasubiri. Alialikwa mwaka 1952, akaalikwa 1953, akaalikwa 1954, na kila mwaka Flavian, aliyekuwa akihudumu bandani, alimletea kikombe cha udongo mweupe na kisahani chake, na kila mwaka marehemu alikirudisha kikiwa kimejaa, na kila mwaka mama alirudi nyumbani na kumwuliza kwa nini asiingie, anywe, atoke, angalau awaambie watu huko ndani kukoje, kwani watu wale wale walionuna kwa sababu alitoka ndio sasa wanaonuna kwa sababu haingii, na yeye mke wake afanye nini na mwanamume ambaye ukimwambia kaa anaondoka na ukimwambia njoo anakaa. Marehemu alijibu mara zote kwa maneno matano, "Sisi ni kumi na mmoja," akachukua jembe akaenda shambani.

Tarehe 13 Agosti 1955, wakati wa chai, Flavian alitoka bandani mikono mitupu, akasema kapteni amesema waje, na alipoulizwa nani, akasema wote, viti vimeletwa kutoka nyumba za jirani, na timu ya mjini ikajipangusa vumbi ikapanda zile ngazi tatu, fundi Mwinjuma akiwa wa kwanza na akitokwa na machozi, marehemu wa mwisho. Mama Emerensiana aliona yote kutoka kwenye majani, akakimbia nyumbani kupika wali, siku ya kawaida, bila sikukuu yoyote, na mumewe alipoingia alimkalisha, akamtazama usoni, akamwuliza, "Haya, Baba Leonardi, miaka minne! Ilikuwaje?" na marehemu akafikiri kidogo, kama kawaida yake, akasema, "Ilikuwa imepoa." Mama anasema hapo alitoka nje, akaenda mpaka nyuma ya choo, akacheka na kulia kwa pamoja mpaka Josefina akaja kumtafuta, na kwamba wali ule waliula wote ukaisha.

Kuhusu ugonjwa, Jumamosi ya tarehe 28 Juni mwaka huu wa 1958 marehemu aliamka na homa na kikohozi, mkewe akamkataza kwenda uwanjani, akamwonyesha barafu nyembamba iliyoganda kwenye karai la maji uani, akaficha hata viatu vyake, naye akajibu kwamba Hobbs alifungua na miaka arobaini na saba na yeye ana arobaini na nne tu, akaenda na viatu vya Leonardi vinavyombana. Alisimama kwenye upepo huo tangu saa nne hadi saa tisa, akarudi anatetemeka, akakataa hospitali Jumapili, akakataa Jumatatu, akakataa siku tatu zaidi, na Ijumaa tarehe 4 Julai Bwana Lukmani alikuja na lori, hakuuliza, akamnyanyua begani kama gunia na kumpeleka, na daktari akasema ni kichomi, mapafu yote mawili, na kwamba siku nne mapema angeweza kusema jambo jingine.

Mama alikaa naye kuanzia siku hiyo, hakutoka kando ya kitanda, na asubuhi ya Jumanne tarehe 8 Julai marehemu alifumbua macho, pumzi yake ikiwa ndogo, akazungumza vizuri, akaagiza Josefina asikatishwe masomo hata mchumba aje na ng'ombe wangapi, asome ualimu, na mama akamwambia kwa hilo wako pamoja, na marehemu akasema, "Basi hata sisi tumewahi kukubaliana," akatabasamu. Kisha akamwambia, "Mama Leonardi, hujala tangu jana. Nenda ukale." Mama akasema haendi. Akamwambia tena nenda, akamsukuma mkono kidogo kwa kidole, na mama, ambaye amekuwa akibishana naye miaka ishirini na moja na kushindwa kila mara, alikwenda jikoni kwa masista, akapewa uji, akaunywa nusu, akarudi, na ilikuwa saa nne na robo, na sista alikuwa amesimama mlangoni akimsubiri.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliohangaika naye ingawa alichelewa kuwapa nafasi, masista kwa uji na kwa kiti walichompa mama, majirani wa Katandala kwa kuni, maji na mahindi, Mzee Selemani kwa sanda na jeneza ambavyo amekataa tuvizungumzie, wafanyakazi wa duka na madereva wa malori waliochimba kaburi katika ardhi iliyokauka kama tofali, wachezaji wa timu zote mbili waliosimama pamoja leo nje ya ukuta huu, na Bwana Lukmani, aliyesema hataweza kutamka neno na tunamwombea asilazimishwe. Wengine ambao hatukuwataja, mjue hamkusahaulika, ni karatasi imeisha.

Marehemu ameacha mama mzazi, mjane, watoto wanne na wadogo zake watano.

Na mwisho, mjane ameomba haya yasomwe kama alivyoyasema, kwamba Baba Leonardi ulinikera tangu altareni hadi kitandani, nilikuwa bado nina mengi ya kukugombeza, nilikuwa nimeyapanga nikuambie baada ya kumaliza ule uji, na sasa sijui nitamwambia nani. Nenda salama, Urbano Kasonso. Bwana akupokee mapema, maana ukishafika mlangoni hutaondoka. Ulale kwa amani.